Jiko la mkaa libaki nje: jibu kwa mama anayesubiri theluji yake ya kwanza Buffalo

Swali: Fundi, shikamoo. Sisi ni Wakongo wa Fizi, tumekaa kambi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi, na tuliletwa hapa Buffalo, jimbo la New York, Marekani, mwezi wa sita. Tuna watoto watatu, mdogo ana miezi minane. Kanisani kila mtu anatusimulia dhoruba ya theluji ya 2022 na watu waliokufa, mpaka usingizi umenikimbia. Mume wangu anafanya zamu ya usiku kiwandani na ana gari la zamani. Nyumbani tuna jiko dogo la mkaa la kuchomea nyama. Umeme ukikatika naweza kuliwasha ndani nikiacha dirisha wazi kidogo? Na nifanye nini kabla theluji haijafika?

Jibu: Marahaba, mama. Naanza na jiko, maana hilo ndilo lililonifanya niache chai yangu ipoe nikuandikie. Usiliwashe ndani. Dirisha likiwa wazi, usiliwashe. Mlango ukiwa wazi, usiliwashe. Hata bezimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, hata kwenye baraza lililozibwa kwa vioo, hata kwa dakika kumi za kuchemsha uji wa mtoto.

Najua Nyarugusu mmepikia ndani na mkaamka salama. Lakini nyumba ya udongo yenye upenyo kati ya ukuta na paa inapumua yenyewe. Nyumba za huku zimezibwa kila ufa ili joto lisitoke, na joto lisipotoka na gesi haitoki. Mkaa unapoungua hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Usidanganyike na mkaa uliokwisha kukolea, ule mwekundu usio na moshi. Ndio unaoendelea kuitoa kimyakimya. Ukiivuta, inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Mtu anasikia kichwa kinauma, mwili mzito, kichefuchefu, anasema ngoja nijilaze kidogo. Ndiyo analala hivyo. Na hesabu ya dirisha haikusaidii: ukilifungua kiasi cha kuitoa gesi yote, joto ulilolitafuta limetoka pamoja nayo, umebaki na baridi na mkaa umekwisha.

Mimi ni fundi wa mitambo ya joto. Huu ni mwaka wangu wa kumi na saba kuingia bezimenti za nyumba za West Side, upande wa magharibi wa Buffalo, hizo nyumba za mbao za zaidi ya miaka mia ambazo wengi wetu ndimo tunamopanga. Nilichojifunza ni kwamba theluji haina haraka na mtu aliyetulia ndani. Wengi wanaofikwa na mabaya wanakuwa katika shughuli njema kabisa: anakwenda kazini, anamfuata ndugu aliyekwama, anawapasha watoto joto. Sisi tumelelewa kwamba mvua haimzuii mtu kwenda kazini na mgonjwa lazima akaonwe. Hapo ndipo dhoruba inapotupatia. Kazi kubwa ya siku ile ni kukaa, na kukaa kunataka maandalizi.

Hayo ya 2022 unayosimuliwa ni kweli, ila nikupe mpangilio wake. Ijumaa ya tarehe 23 Desemba ilianza kwa mvua ya kawaida. Asubuhi hiyohiyo joto likaporomoka, mvua ikageuka theluji, na upepo ukavuka kilomita 110 kwa saa. Kaunti ya Erie, ambayo Buffalo imo ndani yake, ilipiga marufuku magari barabarani saa tatu na nusu asubuhi, na kufikia hapo watu walikuwa wameshatoka majumbani, wengine wako kazini, wengine njiani. Kwa muda wa saa zipatazo 37 hali ilikuwa hivi: unanyoosha mkono, huoni vidole. Magari ya zimamoto, ya wagonjwa na ya polisi yalikwama yenyewe, ikabidi waokoaji waokolewe. Uwanja wa ndege ulipima zaidi ya sentimita 130 za theluji kwa siku zile, na katika kaunti walikufa watu 47. Wapo walioganda ndani ya magari, wapo waliotoka kwa miguu, wapo waliokuwa ndani ya nyumba zisizo na joto, wapo ambao moyo ulisimama wakiwa na sepetu mkononi, na wapo ambao gari la wagonjwa halikuweza kuwafikia. Wazee wa hapa walikuwa wakipimia kila dhoruba kwa ile ya 1977, iliyoua 29. Siku hizi wanapimia kwa hii.

Wewe wa Fizi umekua kando ya Tanganyika, kwa hiyo sihitaji kukufundisha kwamba ziwa lina hali ya hewa yake. Ziwa Erie, hili lililo kando ya mji wetu, mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili bado limehifadhi joto la kiangazi. Hewa kavu ya baridi ikishuka kutoka Canada inapita juu yake, inazoa joto na mvuke, na ikigusa nchi kavu inaumwaga wote kwenye ukanda mwembamba. Ndiyo maana mwezi mmoja tu kabla ya ile ya Desemba, Novemba 2022, kitongoji cha Orchard Park kusini ya mji kilipata theluji ya kama mita mbili, na Niagara Falls, upande wa kaskazini, wakapata sehemu ndogo tu ya hiyo. Kwa hiyo shoga yako wa mtaa mwingine akikupigia kusema kwao jua linawaka, usimwamini yeye, amini dirisha lako. Ziwa likishaganda huko katikati ya baridi, kiwanda hicho cha theluji kinapungua. Mwanzo wa msimu ndio wa kuogopwa.

Simu yako itakuletea maneno mawili ya Kiingereza ambayo watu huyachanganya. Ikiandika "Watch", maana yake dhoruba inaweza kuja ndani ya siku mbili hivi: hiyo ndiyo siku ya kwenda dukani. Ikiandika "Warning", maana yake iko njiani au imeshafika: usitoke tena. Wengi wanakwenda dukani siku ya "Warning", wanakuta rafu tupu na foleni, na wanarudi nyumbani theluji ikiwa magotini.

Dukani usinunue kama mtu anayekimbia vita. Nunua chakula cha siku tano mnachokula siku zote, na sehemu yake kiwe kisichohitaji moto: mkate, ndizi, siagi ya karanga, samaki wa kopo. Unga, maharage na dagaa ni vizuri, ila maharage chemsha kabla, maana kuyachemsha kwa muda wa saa tatu umeme umekatika ni adhabu. Maji weka lita nne kwa mtu mmoja kwa siku, angalau za siku tatu. Wewe umeishi kwa foleni za maji, ndoo na madumu hutafundishwa na mtu. Nepi na maziwa ya mtoto, dawa za kila mtu, tochi na betri zake. Simu zote na pawabenki zijae chaji. Jaza chupa za chai maji moto usiku ule dhoruba inaposubiriwa. Chupa nzuri huweka joto mpaka kesho yake, na hiyo ndiyo chai ya watoto bila kuwasha kitu.

Sasa njoo kwenye jambo langu mwenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Shuka bezimenti utazame mtambo wa joto. Kama umeunganishwa na mabomba meupe ya plastiki, yafuate kwa macho mpaka yanapotokea ukutani. Kisha toka nje ukayatafute upande wa pili. Mara nyingi yako kimo cha goti au kiuno, upande wa nyumba ambao hakuna anayepita. Moja linavuta hewa, jingine linatoa moshi wa gesi. Theluji ikiyafunika, mtambo wa kisasa unajizima wenyewe, na unabaki na nyumba ya baridi usiku wa manane bila kujua kilichoharibika. Kama mabomba yako ni ya bati na yanaingia kwenye dohani la matofali, mtambo ni wa zamani, na mitambo ya zamani si yote inayojizima. Moshi unaweza kurudi ndani. Kagua pia tangi la maji moto, maana nalo lina bomba lake.

Nikuchekeshe. Mwaka wangu wa tatu katika kazi hii nilitoka asubuhi kuzoa theluji ya njia ya gari. Nikairusha upande, sepetu baada ya sepetu, nikijisifu kwa kasi. Jioni nyumba ikapoa. Nikafungua mtambo, nikapima kila waya, nikabadilisha kifaa kizima ambacho hakikuwa na tatizo lolote. Mke wangu ndiye aliyeuliza, "Lile bomba la ukutani si umelifukia wewe mwenyewe asubuhi?" Fundi mwenye cheti! Tangu siku hiyo nimechomeka fimbo ndefu kando ya bomba, nimeifunga kitambaa chekundu, nijue pa kufukua hata theluji ikipanda. Fanya hivyohivyo kabla ardhi haijaganda, maana ikishaganda fimbo haiingii. Dhoruba ikiendelea, mtu mzima mmoja afukue bomba hilo kila upepo unapopungua, kwa mkono au ufagio, asilipige kwa chuma. Mita ya gesi nayo ipanguse taratibu kwa ufagio.

Halafu kengele ya kaboni monoksidi. Iwepo moja karibu na vyumba vya kulala, na moja kila ghorofa kama mnaweza. Bonyeza kitufe chake leo usikie inalia. Kama haipo au imekufa, mwambie mwenye nyumba kwa ujumbe wa maandishi, si kwa mdomo. Ikilia usiku, usitafute sababu wala usiing'oe betri: wavalishe watoto, tokeni, mpige 911, namba ya dharura ya huku. Anayepokea taja mtaa na namba ya nyumba kwanza, kisha sema "Swahili", watakutafutia mkalimani kwenye simu.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui: mtambo wa gesi nao unahitaji umeme. Gesi inaweza kuwa tele kwenye bomba, lakini feni na vidhibiti vikikosa umeme hakuna joto. Kwa hiyo umeme ukikatika, nyumba inaanza kupoa saa ileile. Chagueni chumba kimoja, kidogo, chenye dirisha moja. Tundika blanketi dirishani na jingine mlangoni, ziba chini ya mlango kwa taulo, mkae wote humo. Miili mitano katika chumba kidogo ni joto la kweli. Kama jiko lenu la jikoni ni la gesi, mara nyingi mafiga ya juu huwashwa kwa kiberiti: pikia, kisha zima. Usifungue oveni ili kupasha nyumba, nayo hutoa gesi ileile ya mkaa. Mishumaa siipendi penye watoto. Mkiazima jenereta, ikae nje mita sita au zaidi kutoka nyumbani, mbali na madirisha. Na kama umeme upo lakini mtambo umekufa, hita ndogo ya umeme ichomekwe moja kwa moja ukutani, isipitie waya wa kurefusha, na iwe mita moja mbali na pazia na kitanda.

Mtoto wa miezi minane, mvalishe nguo nyembamba mbili tatu, moja juu ya nyingine, na kofia mkiwa macho kwenye baridi. Mbebe mgongoni kwa kitenge, kisha wewe uvae jaketi kubwa juu yenu wote. Hakuna hita inayoshinda mgongo wa mama, ila uso wake uwe wazi apumue. Akilala, asilale katikati ya watu wazima chini ya blanketi nzito. Na kwenye kiti chake cha gari usimfunge mkanda akiwa na jaketi nene: likibonyea siku ya ajali mkanda unakuwa umelegea. Mfunge na nguo nyepesi, blanketi liwe juu ya mkanda.

Maji ya bomba: joto likishuka sana, acha bomba la ndani lililo kwenye ukuta unaopakana na nje lidondoshe maji kidogo usiku kucha, na fungua milango ya kabati chini ya sinki hewa ya ndani ifike kwenye mabomba. Maji yakiganda yanatanuka, bomba linapasuka, na kwa kawaida unajua siku yanapoyeyuka na dari kuanza kuvuja. Mwombe mwenye nyumba akuonyeshe leo koki kuu ya maji iko wapi. Nimefika nyumba ambayo maji yalimwagika saa mbili nzima, watu watano wanahangaika na ndoo, na koki iko nyuma ya sanduku la viatu.

Mumeo. Hili najua ni gumu, kodi hailipwi na theluji. Siku ya "Watch" amuulize msimamizi wake zamu itakuwaje, na aulize kwa maandishi. Marufuku ya magari ikitangazwa, kuendesha ni kosa. Ikiwa hakuna marufuku lakini utabiri ni mbaya, kosa la 2022 lilikuwa kuangalia hali ya saa ya kutoka na kusahau saa ya kurudi. Tenki lisishuke chini ya nusu msimu wote, na ndani ya gari pawe na blanketi, sepetu, maji, chakula kidogo, waya wa chaji na kitambaa cha rangi kali.

Akikwama, abaki ndani ya gari. Mwambie mara mbili, maana mwanamume akiona taa ya kituo cha mafuta anajiambia ni mita mia tu. Katika theluji ya upepo mita mia ni nchi nyingine, na gari linaonekana na waokoaji kuliko mtu. Kabla ya kuwasha injini afukue bomba la moshi la gari, kila mara, kwa sababu likizibwa moshi unarudi ndani, na tumerudi palepale kwenye jiko la mkaa. Awashe dakika kumi kila saa, dirisha la upande usiopigwa na upepo likiwa wazi upana wa kidole. Kitambaa akifunge kwenye antena. Anyooshe miguu na mikono asilegee.

Ikibidi kabisa kutoka na kugonga mlango wa karibu, agonge bila haya. Dhoruba ile ya 2022, kule Cheektowaga, kitongoji jirani na Buffalo, fundi mmoja wa magari aliyekwama alivunja dirisha la shule, akawaingiza watu zaidi ya 20, wakapona. Aliacha barua ya kuomba radhi kwa dirisha. Polisi walipofika hawakumtafuta kumkamata, walimtafuta kumshukuru.

Baridi ikishika mwili, dalili zetu weusi zina namna yake. Vitabu vingi vinasema ngozi inakuwa nyekundu kisha nyeupe. Kwetu tazama ngozi inayofifia rangi au kuwa ya kijivujivu, ngumu kama nta, na kidole kisichosikia ukikibana. Usisugue, na aliyekwambia usugue kwa theluji alikudanganya. Tumbukiza kwenye maji ya uvuguvugu ambayo kiwiko chako kinayavumilia vizuri. Usisogeze kwenye moto au hita, kwa kuwa hakisikii kitaungua. Mtu mzima aliyekuwa akitetemeka akiacha ghafla, maneno yakawa kama ya mlevi, akajikwaa, au akaanza kuvua nguo akisema anasikia joto, huyo yuko hatarini kabisa. Mtoto mchanga anaweza asitetemeke. Yeye hulegea na kupoa. Vua nguo zenye unyevu, mfunike pamoja na mwili wa mtu mwingine, piga 911.

Nguo, kwa kifupi: suruali ya jinzi na soksi za pamba zikilowa zinakuwa barafu. Sufu au zile za michezo zikae karibu na ngozi. Glavu za dole gumba peke yake zina joto kuliko za vidole vitano.

Dhoruba ikipita, watu wanatoka kwa furaha na sepetu. Theluji iliyolowa ni nzito kama mchanga, na baridi inabana mishipa ya damu huku moyo ukisukumwa kazi ya kubeba mizigo. Mwenye presha au ugonjwa wa moyo asiguse sepetu. Mtoto wa jirani wa miaka kumi na saba mpe chapati mbili atafanya kwa dakika ishirini. Ninyi wengine sukumeni badala ya kuinua, chukueni nusu sepetu, pumzikeni. Kifua kikibana, taya au mkono ukiuma, acha hapohapo. Na tafadhali msiirushe juu ya lile bomba.

Leo, kabla hujafunga simu, shuka bezimenti. Mwezi wa kumi na mbili huku giza linaingia kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa hiyo bomba la nje litafute mchana. Ukiliona, lipige picha, weka mkono wako kando yake nijue ukubwa na kimo, unitumie. Ukikuta la plastiki na limeelekezwa chini karibu na ardhi, nitakuambia fimbo uichomeke wapi.